Mbio Huanza Wapi?

Kuna jambo limenikaa kooni tangu Maulidi ya mwaka juzi, na leo nimeona heri nilitoe. Katika mji mmoja wa mwambao wetu, ambao sitautaja kwa kuwa wenyewe nala nao na kusali nao, palifanywa mashindano ya punda. Mpwa wangu, kijana wa miaka 16, alikuwa amemzoeza punda wake muda wa miezi mitatu. Kila alfajiri baada ya sala humteremsha ufuoni maji yakiwa yamekupwa, akamkimbiza juu ya mchanga mgumu hata jua litoke. Punda yule alikuwa amekonda kwa mazoezi, na kijana naye amekonda vile vile.

Siku ya siku ikawadia. Punda 12 wakapangwa. Nasema wakapangwa kwa heshima tu, kwani sijaona bado mtu aliyewapanga punda 12 wakapangika. Mwenye filimbi alikuwa ana mazungumzo na rafiki yake. Mara akapuliza. Wakati ule punda wa mpwa wangu alikuwa amegeuka anatazama bahari, na hata alipogeuzwa, wenziwe walikuwa wametangulia kadiri ya nyumba tatu. Akakimbia mbio ambazo waliokuwapo wazizungumza mpaka leo, akafika wa pili, amepitwa kwa kichwa kimoja tu. Kijana akaenda kwa waamuzi, kwa adabu, akaeleza. Mzee mmoja akamjibu: "Mwanangu, sisi twatazama mwisho. Aliyetangulia kufika ndiye aliyetangulia."

Tangu siku hiyo maneno yale, "sisi twatazama mwisho," hayanipi raha. Yamenipeleka mbali, hata kwenye viwanja vya farasi vya Waingereza na Wamarekani, mahali ambapo mtu wa umri wangu na chuo changu hakutarajiwa kuonekana. Mimi si mtu wa kamari, na kamari ya farasi hukumu yake yajulikana kwetu; sitaigusa hapa. Lakini kumtazama farasi akikimbia si dhambi. Aliyesoma Suratul Aadiyaat anajua kuwa wanyama hawa wametajwa mahali pa heshima.

Na nilichokiona huko ni hiki: wanadamu kila mahali wameulinda mwisho wa mbio kwa hazina na kwa elimu, na mwanzo wakauachia bahati.

Tuutazame mwisho kwanza. Katika viwanja vya nyasi vya Uingereza, kamera ya ukingoni ilianza kutumika mwaka 1947. Kamera hii haipigi picha kama zetu za arusi. Ina ufa mwembamba ulioelekezwa kwenye mstari wa mwisho peke yake, na filamu hupita nyuma ya ufa huo bila kusita, hata kila pua ya farasi ikiugusa mstari, huandikwa kwa zamu yake. Kwa hivyo picha nzima ni ya mahali pamoja kwa nyakati mbalimbali, wala si ya mahali pengi kwa wakati mmoja. Mwaka 1949 mbio kubwa za Derby, pale Epsom, ziliamuliwa kwa picha hiyo kwa mara ya kwanza, akapewa ushindi farasi aitwaye Nimbus. Siku hizi kazi hiyo hufanywa kwa mitambo isiyohitaji filamu, na pua hupambanuliwa na pua kwa sehemu za sekunde ambazo jicho la binadamu haliwezi hata kuziota.

Sasa njoo mwanzoni. Kwa muda mrefu, farasi wa Uingereza walianzishwa na mtu mwenye bendera. Farasi huja kwa matembezi, wengine mbele wengine nyuma, mwanzishaji akiona wamekaribiana huiangusha bendera, na akiona hawakukaribiana huwarudisha. Mpanda farasi mjanja alijua kumchelewesha mwenzake. Katika miaka ya 1890 Waaustralia wakaleta kizuizi cha nyuzi kilichoruka juu mbele ya nyuso za farasi, na Uingereza nayo ikaupokea mtindo huo. Kisha mwaka 1939, Vancouver nchini Kanada, kukatumika kwa mara ya kwanza lango la umeme la Mmarekani Clay Puett. Kila farasi huingia kizimba chake. Milango ya mbele hushikwa na sumaku za umeme, mwanzishaji akibonyeza, umeme hukatika, na springi hufungua milango yote kwa pamoja. Waingereza, watu wa kushika desturi, hawakuviingiza vizimba hivyo mpaka 1965 huko Newmarket, na Derby ikaanzishwa kwavyo mwaka 1967.

Utaona hesabu yenyewe, msomaji. Mwisho ulipata kamera 1947, mwanzo ukapata mlango 1965. Miaka 18 pua zimehukumiwa kwa picha katika mbio zilizoanzishwa kwa kukisia.

Na mbio za kuruka vizuizi hazikuingizwa vizimbani hata leo. Zaanzwa kwa utepe na bendera. Hapo ndipo lilipotokea jambo la Jumamosi tarehe 3 Aprili 1993, katika Grand National, uwanja wa Aintree karibu na Liverpool. Farasi 39 walijipanga kwa masafa yanayopita maili nne na vizuizi 30. Mara ya kwanza utepe ukawanasa, wakarudishwa. Mara ya pili utepe ukamzonga shingoni Richard Dunwoody, mpanda farasi hodari. Mwanzishaji akainua bendera yake nyekundu kuwaita warudi, bendera ikakataa kukunjuka. Wale waliobaki nyuma waliona, waliotangulia hawakuona. Farasi 30 wakaenda zao. Watu wakapiga kelele, wakapunga mikono, lakini wapanda farasi walidhani ni wale waandamanaji waliokuwa wameuchelewesha mchezo tangu mapema. Saba wakamaliza. Wa kwanza alikuwa Esha Ness, chini ya John White, tena kwa muda ambao hadi siku ile ulikuwa umepitwa na mmoja tu katika tarehe yote ya mbio zile. Mwalimu wake, Bi. Jenny Pitman, alionekana akilia hata kabla hawajafika, kwa kuwa alijua. Mbio zikabatilishwa. Fedha za wenye kuweka zikarudishwa. Lakini mashindano yale hayakurudiwa mwaka ule, na Esha Ness hana lake.

Nimeiangalia picha ya mpanda farasi yule akivuka mstari amesimama juu ya vikuku vya tandiko, uso umejaa furaha, na hajui. Moyo wangu ulikwenda kwa mpwa wangu. Huyu alishinda akaambiwa mwanzo ulikuwa mbovu. Yule akaambiwa mwanzo hautazamwi. Wote wawili wamepoteza kitu kimoja, walakini naona Waingereza waliokubali aibu ya kuzifuta mbio zao kubwa mbele ya dunia walifanya la haki kuliko sisi tuliokwenda kula pilau.

Juzi barazani kwetu alikuwapo bwana mmoja aliyehudumia farasi Dubai miaka mingi. Kijana mmoja alikuwa amefungua simu yake, anamsifu farasi wa Kijapani, Equinox, aliyekimbia mita 2,410 za nyasi pale Meydan mwaka 2023 kwa dakika 2 na sekunde 25.65, rekodi ya uwanja. Kijana akataka kuulinganisha muda huo na wa farasi wa viwanja vya Marekani, amjue nani zaidi. Nikamwuliza: "Hebu nambie, saa ya huku na saa ya kule zote zilianza kuhesabu wapi?" Akacheka. "Mzee wangu, si pale farasi wanapoanza?"

Yule bwana wa Dubai hakucheka. Ni kwamba kule Marekani saa haianzi mlango ufungukapo. Farasi hutoka kizimbani, hukimbia kipande cha njia bure bila kuhesabiwa, na saa huanza pale wa kwanza anapokata mwali uliotegwa mbele yao. Zamani, kabla ya mwali, alisimama mtu hapo na bendera, akaishusha farasi wa mbele akimpita, na mwenye saa juu jukwaani akabonyeza. Maana yake farasi huhesabiwa akiwa tayari yumo mbioni. Kule Uingereza desturi ni kuhesabu tangu mlango ufungukapo, farasi akiwa amesimama tuli.

Kipande hicho cha bure kingekuwa kimoja kila siku, nisingekuwa na neno. Lakini katika njia za nyasi hakiwi kimoja, na sababu yake ni nyasi zenyewe. Udongo hupigwa reki, ukawa mpya. Nyasi zikikanyagwa na kwato mwezi mzima, hufa. Kwa hiyo uzio wa ndani husogezwa nje mita kadhaa, nyasi za kando zipumzike. Sasa shika kalamu. Uzio ukisogezwa mita 1, farasi anayezunguka duara kamili ameongezewa mita 6 na ziada. Ukisogezwa mita 9, ameongezewa kama mita 56. Wenye uwanja wakitaka mbio zibaki na jina lake, maili moja ibaki maili moja, hawana budi kulihamisha lango au mwali. Lango nalo haliwezi kuwekwa popote: hapa kuna kona, hapa pana ua, hapa njia ni nyembamba. Basi leo kipande cha bure ni mita 10, kesho ni mita 40, na mbio ni zile zile kwa jina na kwa uwanja. Pengine huandikwa kabisa kuwa masafa ni ya "takriban". Tangu lini rekodi ikawekwa juu ya takriban?

Na farasi si gari moshi. Akitoka amesimama, hatua zake za kwanza ni za kujikusanya. Akishashika mwendo, kila sekunde humla mita 16 au 17. Aliyepewa mita 40 za bure anaufikia mwali akiruka. Aliyepewa 10 anaufikia bado anajinyoosha. Hesabu ya wenyewe ni kwamba humusi moja ya sekunde ni sawa na urefu wa farasi mmoja. Nusu sekunde tu ikiliwa hapo mwanzoni, umeshampa mmoja urefu wa farasi wawili na nusu ambao hakuukimbilia.

Sisi Waswahili tungepaswa kulielewa jambo hili kabla ya wengine. Saa yetu ya kwanza ni saa moja baada ya jua kutoka. Ya wenzetu yaanza katikati ya usiku ambapo hapana kilichotoka wala kilichotua. Siku yetu yaanza magharibi, hata mgeni akialikwa arusi "usiku wa Ijumaa" akaja Ijumaa usiku, hukuta masufuria yameoshwa. Saa ya mgeni haikukosea. Kilichomponza ni kwamba hakuuliza watu hawa huanza kuhesabu wapi.

Lakini hata saa ikiwekwa mahali pake, yataka mtu mwaminifu wa kuisoma. Mwaka 1973, tarehe 19 Mei, farasi mwekundu aitwaye Secretariat alikimbia Preakness huko Baltimore. Ile ni njia ya udongo, si ya nyasi (nyasi alikuja kuzikimbilia mwisho wa mwaka ule, zikawa mbio zake mbili za kuagia), ila kisa chake chahusu saa. Mtambo wa umeme ukasema dakika 1 na sekunde 55. Waliokuwa na saa mkononi, watu wa gazeti la farasi, wakasema 1:53 na humusi mbili. Wakubwa wakakutana, wakachukua saa ya mtu wao wenyewe: 1:54 na humusi mbili. Maneno hayakwisha. Mwenye farasi hakuchoka kudai, na mwaka 2012 kanda za picha zikatazamwa upya kwa mitambo ya kisasa, muda ukaandikwa 1:53 kamili, rekodi ya mbio zile. Miaka 39 imepita. Farasi mwenyewe alikuwa ameshakufa tangu 1989. Wapo walioniambia kuwa huo ni ujinga wa matajiri, kumtafutia mnyama aliyekufa sekunde mbili. Mimi naona kinyume. Aliyekubali kurudi miaka 39 kusahihisha kosa dogo, ana khofu fulani ya hesabu ambayo ningependa kuiona kwa watu wetu wa filimbi.

Tena sisi hatuna udhuru wa kusema hatukufunzwa. Imepokewa kwa Abdallah bin Umar katika vitabu vilivyo sahihi kuwa Mtume wetu (s.a.w.) alishindanisha farasi. Wale waliozoezwa na kukondeshwa aliwatoa Hafyaa mpaka Thaniyatul Wadaa, na wapokezi wamekadiria kuwa ni maili tano au sita. Wale wasiozoezwa aliwatoa hapo Thaniyatul Wadaa mpaka msikiti wa Bani Zuraiq, kadiri ya maili moja. Bin Umar mwenyewe alikuwa mmoja wa walioshindana. Watu wengi husimulia hadithi hii kwa kujivunia mchezo. Mimi nilipoisomea, mwalimu wangu alituzuia hapo kwenye majina ya mahali. Akatuuliza: kwa nini msimulizi akataja miwili miwili, pa kutoka na pa kufikia? Hatukujua. Akasema, kwa sababu bila vyote viwili hayakuwa mashindano, yalikuwa ni farasi wanakimbia tu.

Na wanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wakaliweka wazi zaidi. Katika Minhaaj ya Imamu Nawawi, kitabu kilichosomeshwa katika darasa za Lamu na Mombasa vizazi kwa vizazi, uko mlango wa mashindano ya farasi na mishale. Sharti mojawapo ni kujulikana mahali pa kusimamia na mahali pa kukomea, na washindani wawe sawa katika vyote viwili. Mahali pa kusimamia pamewekwa sharti sawasawa na pa kukomea, na imamu huyu amekufa mwaka 1277, hakuona kamera wala sumaku. Humo humo ameeleza kuwa ngamia hushinda kwa bega na farasi kwa shingo; sababu yake ni kwamba ngamia akikimbia huinua shingo yake juu, na farasi huinyoosha mbele. Tazama uangalifu huo. Hata kiungo cha kuhukumia kimechaguliwa kwa kutazama umbile la mnyama. Na katika hadithi tena pamekatazwa mtu kumwekea nyuma farasi wake mtu wa kumpigia makelele, au kumkokota farasi wa pili ubavuni ili akichoka huyu apande yule. Hila hizo zote hufanywa kabla ya ukingoni kuonekana.

Najua nitaambiwa: "Bwana, punda wa Maulidi si farasi wa Epsom. Ni furaha ya watoto." Neno hilo nalikataa. Furaha ya nani? Wa miezi mitatu ya alfajiri alikuwa na furaha gani jioni ile? Mchezo ukishawekewa zawadi, na majina yakatangazwa kwa kipaza sauti, umeshakuwa hukumu, na hukumu ina pande mbili za kusikilizwa.

Wala sitaki tununue vizimba vya umeme. Nataka kamba. Kamba moja ya kutosha upana wa njia, ishikwe na watu wawili wasio na punda wala jamaa shindanoni. Nataka mwenye filimbi asimame ubavuni aone vichwa vyote, si mbele yao akipigwa picha. Na nataka mtu mmoja aliye mbele, hatua mia, mwenye kitambaa cheupe, awarudishe wote ikiwa mwanzo umeharibika. Mtu kama huyo alikuwapo siku ya Esha Ness, lakini hakufaulu kuwarudisha, na baada ya aibu ile Waingereza waliongeza watu wa bendera. Ama hao wa viwanja vya nyasi vya Marekani, nao ningewapa rai kama wangenisikia: waanze kuhesabu mlango ufungukapo. Siku hizi kile kipande cha bure huandikwa katika matokeo yao, na hilo ni jema, kama Waingereza wanavyotangaza yadi zilizoongezeka uzio ukisogezwa. Lakini kuandika kasoro si kuiondoa, na anayesoma rekodi ukutani hasomi maandishi madogo.

Mpwa wangu hakupanda punda mwaka mzima uliofuata. Wiki iliyopita alikuja nyumbani, akakaa, akazungumza habari za shule na za mamake, na alipokuwa anavaa viatu akasema, "Mjomba, nimeanza tena kumpeleka ufuoni." Sikumjibu neno. Kesho yake nilikwenda dukani, nikanunua kamba ya mkonge pima kumi, nikawaandikia barua waandalizi kuwa kamba ipo na mimi nipo. Jibu bado sijalipata. Kamba imetundikwa nyuma ya mlango wangu.